Motokari ya Shule: Filtri Mpya, Kipimo Kipya

Katika gazeti letu dogo hili tumezoea kusoma habari za mupira, za korali na za mitihani. Leo sisi wa kalasi ya mwisho tunataka kuandika juu ya kitu kimoja ambacho wengi wenu munakipanda lakini hamujakifungua: motokari ya shule, na zaidi yale mafuta mekundu ya bwati yake.

Wengine watasema, "Ile ni kazi ya shofere na ya watu wa mekanika. Sisi wa Biochimi na wa Pedagojia inatuhusu nini?" Inatuhusu sisi wote. Motokari ile ni moja tu. Ndiyo inaleta unga wa enterna. Ndiyo inapeleka mugonjwa wa dispansari kwa hopitali usiku, saa hakuna motokari ingine inayopita njiani. Ndiyo itatupeleka sisi finaliste kwenye mtihani wa Serikali. Bwati yake ikikufa, hakuna ya pili. Bei ya bwati ingine, hata ya okazio, ni pesa ambazo wazazi wetu watatafutiwa, na munajua wazazi wetu wanalipa namna gani: wengine kwa maharagi, wengine kwa kahawa, wengine kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwaka. Basi yule anayelinda bwati anawalinda wazazi.

Motokari yenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998. Kama motokari nyingi tunazoziona hapa Butembo, ilitoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, ikashuka melini kule Mombasa, ikapita Kenya na Uganda, ikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Usukani wake uko kuume, na buku lake limeandikwa Kijapani, tunaangalia picha tu. Haina pedale ya ambreyaji. Ni bwati otomatiki.

Tueleze kwanza kwa wale ambao hawajasoma mekanika. Katika kamyo ya kawaida, shofere anakanyaga ambreyaji, anabadilisha vitesi kwa mkono, basi. Katika bwati otomatiki kazi ile inafanywa na mafuta. Kati ya motere na bwati kuna chombo kinachoitwa konvertiseri. Ndani yake kuna gurudumu lenye mabawa linalozungushwa na motere. Linatupa mafuta kwa nguvu juu ya gurudumu lingine lenye mabawa, na lile la pili linazunguka. Ni kama ventilateri mbili zinazotazamana: uwashe moja kwa kuran, upepo wake utazungusha ya pili hata kama haina kuran. Tena kuna pompi. Pompi inasukuma mafuta katika vijia vidogo vidogo, na nguvu ya mafuta yale inakamata disiki, hizi ao zile, kwa kupata vitesi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tena mafuta yale yale yanalainisha meno ya bwati, na yanabeba moto na kuupeleka kwenye radiateri kwa kupoozwa. Mafuta ya motere hayafanyi yote haya. Ndiyo sababu katika bwati otomatiki lita moja kupunguka ao kuzidi si jambo dogo.

Kitu hiki si cha jana. Kampuni General Motors ya Marekani ilitoa bwati yake Hydra-Matic katika mwaka 1939, kwa motokari Oldsmobile za modeli ya 1940, na ile ndiyo bwati otomatiki ya kwanza iliyouzwa kwa wingi. Mafuta yanayoitwa Dexron yalianza katika mwaka 1967. Yanatiwa rangi nyekundu makusudi, mutu asiyachanganye na mafuta ya motere, na yakivuja chini tujue mara moja yametoka wapi. Wenzetu wa Biochimi watashangaa kusikia kama zamani ndani ya mafuta haya mulikuwa mafuta ya nyangumi, yule mkubwa anayeitwa kashaloti, kwa kuwa yalisaidia disiki kushikana vizuri pasipo kurukaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikataza biashara ya mafuta yale kwa kulinda nyangumi wasiishe, na watu wa kemia walipashwa kutafuta dawa ingine ya kuweka mahali pake.

Sasa tuingie katika habari yetu. Katika trimestri hii motokari ilianza kuugua. Kwenye mulima, motere inalia kwa nguvu lakini motokari haiendi mbio kama inavyolia. Vitesi ya pili inachelewa kuingia, kisha inaingia kwa kupiga, hata wale waliokaa nyuma wanasukumwa. Mafuta kwenye kijiti yalikuwa ya rangi ya kahawa, na harufu yake kama kitu kilichoungua.

Bwana Prefe aliita fundi wa garaji, na mwalimu wetu wa mekanika aliomba sisi wanafunzi wa atelie tuwe pale, tuone, tuandike katika karneti. Fundi alishusha karteri. Chini ya karteri kuna sumaku ndogo. Tulizikuta zimefunikwa na unga wa kijivu, laini kama jivu. Fundi akatuambia, "Hii unga si kitu ya kuogopa. Disiki zinakulana kidogo kidogo, chuma nayo vile. Mungeona vipande vya chuma vya kushika na mukono, pale ndio mulie." Lakini unga ule usipokamatwa unazunguka pamoja na mafuta, unaingia katika vile vijia vidogo, unakula pompi na disiki mbele. Ndani ya bwati muna chujio, ndiyo, lakini kwa bwati nyingi za namna hii ni kama kitambaa cha chuma chenye matundu. Kinazuia vitu vikubwa, unga mwembamba unapita.

Ndiyo sababu fundi alishauri kuweka filtri ya pili, inje ya bwati, kwenye tiyo ya mafuta. Tuliandika mambo manne juu ya kuiweka, tunayapana hapa kwa faida ya wote.

Moja: filtri inakaa kwenye tiyo ya kurudia, ndiyo ile inayotoka kwenye radiateri kwenda kwenye bwati. Hivi inakamata pia uchafu wa zamani uliolala ndani ya radiateri. Kwa kujua ni tiyo gani, motere ikikwisha kuzunguka kidogo, gusa kwa akili: ile ya kwenda ni ya moto zaidi, ile ya kurudi ni ya moto kidogo.

Mbili: juu ya filtri kuna mushale. Mushale unafuata njia ya mafuta, kuelekea bwati. Ikigeuzwa, mafuta hayapiti inavyofaa. Na katika bwati nyingi mafuta yanayorudi toka radiateri ndiyo yanayolainisha meno. Kuziba pale ni kama kuziba koo.

Tatu: tiyo iwe ile ya mafuta, inayovumilia moto. Tiyo ya maji inalainika, inapasuka. Na koliye zikazwe kwa kiasi, si kwa hasira.

Ine: filtri haiponyeshi disiki zilizokwisha kuliwa. Inachelewesha ugonjwa, haifufui maiti.

Mafuta ya zamani yalipotoka, tuliyapima kwa bidoni yenye alama: lita 2 na desilita 3. Mengine mengi yanabaki ndani ya konvertiseri, hayatoki kwa kushusha karteri tu. Buku linaomba Dexron II ao III; fundi akatia mafuta mapya ya namna ile kwa kiasi kile kile kilichotoka, lita 2 na desilita 3, akawasha motere kidogo, akaangalia koliye hazivuji. Kisha mvua ikanyesha kwa nguvu na saa zikaisha. Akasema atarudi kesho yake kwa kumaliza kupima. Lakini kesho yake mapema, Papa Shofere alipashwa kwenda kuleta unga.

Hapa ndipo palipotokea maneno. Papa Shofere ni mtu mzima, anamcha Mungu, na ameendesha makamyo kabla sisi hatujazaliwa. Asubuhi, motere ikiwa imelala usiku wote, alivuta kijiti cha kupimia, akaona mafuta yamepita alama zote, karibu vidole viwili juu. Akasema fundi amezidisha. Akatafuta bidoni na kile kwa kufungua visi ya chini, apunguze lita moja.

Sisi tulikuwa pale kwa kufunga magunia. Tulimwambia kwa heshima, "Papa, tafazali, tungojee mwalimu." Akatuangalia, akasema, "Batoto, mimi naendesha makamyo miaka makumi mbili. Mafuta inapimwa asubui, motere inalala. Nani aliwaambia inapimwa saa ingine? Ikizidi itapasula majoe, kisha mutasema ni shofere."

Wasomaji, hamujui namna ilivyo vigumu kwa kijana kusimama mbele ya mukubwa mwenye kile mkononi. Kwetu hatukukomezwa kumwambia mutu wa umri wa baba zetu kama hivi sivyo. Na tena alisema neno moja la kweli: mafuta yakizidi, ni hatari. Vitu vinavyozunguka ndani ya bwati vinayapiga, yanatoa povu kama sabuni. Povu lina hewa ndani yake, na hewa haiwezi kukamata disiki. Bwati inapata moto, na mafuta yanatafuta mlango wa kutokea. Papa alijua hatari ile. Lakini kipimo chake kilikuwa cha kamyo.

Mwalimu wetu alipofika hakumsahihisha mbele yetu. Alisema tu, "Papa, tufanye hivi. Unga utangojea saa moja. Tupime mara tatu, tuandike, kisha wewe mwenyewe utatuambia tuondoe ao tuongeze." Papa akakubali.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kile cha Papa: motere imezimwa, mafuta baridi. Mafuta juu ya alama zote.

Kwa kipimo cha pili, tuliweka motokari mahali panapolingana, mbele ya atelie, si kwenye mtelemko wa mulango. Mawe kwenye magurudumu, freni ya mkono imevutwa, hakuna mtu mbele wala nyuma. Papa akawasha motere, akakanyaga freni, akapitisha levye polepole katika kila nafasi, toka P mpaka L, kisha akairudisha P. Motere ikabaki kwenye ralanti. Tukavuta kijiti, tukakipanguza kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi, tukakirudisha mpaka mwisho wake, tukakivuta tena. Wasomaji, mafuta yalikuwa yameshuka mpaka kando ya alama ya chini, katika sehemu iliyoandikwa COOL, maana yake baridi. Toka vidole viwili juu mpaka chini kabisa, na hakuna mtu aliyeondoa hata tone moja!

Kipimo cha tatu kilitaka moto. Papa aliendesha, pamoja na mwalimu na sisi wawili, karibu kilometa 15, akipanda na kushuka. Tulirudi mahali pale pale, levye ikapitishwa tena, motere kwenye ralanti. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya chini ya sehemu iliyoandikwa HOT, maana yake moto. Yalipunguka. Kama tungeondoa lita moja asubuhi, motokari ingepanda mulima na magunia ya unga huku pompi inavuta hewa.

Papa alikaa kimya, akakiangalia kijiti mara mbili. Kisha akasema, "Basi leta mafuta." Tulitia desilita 2, tukapima, tukatia desilita 2 tena, tukapima. Mafuta yakasimama kati ya alama mbili za HOT. Hapo tukaacha. Ni desilita 4 tu, pungufu ya chupa ya limonade. Na mafuta yenyewe sasa yalikuwa mekundu, yanaonekana wazi, pasipo harufu ya kuungua.

Kwa rekreasyo wanafunzi wengi walituuliza maana yake nini. Tuliwaeleza kwenye tablo namna hii.

Saa motere inalala, pompi inalala pia. Mafuta yaliyokuwa juu, katika konvertiseri na katika vijia, yanashuka polepole mpaka karteri. Karteri inajaa, kijiti kinadanganya. Kijiti chenyewe hakina kosa. Sisi ndio tunakiuliza saa mbaya. Motere ikizunguka, pompi inayachukua mafuta, inajaza konvertiseri, tiyo, radiateri, na sasa filtri ile mpya pia. Yale yanayobaki katika karteri ndiyo kijiti kimetengenezwa kuyapima.

Kisha kuna neno la moto. Mafuta yakipata moto yanaongezeka. Kwa mafuta ya namna hii, lita moja inaongezeka karibu mililita 0,7 kwa kila digri moja. Tuseme mafuta yote ya bwati ni lita 8, na yanapanda toka digri 20 mpaka digri 80. Hesabu: 8 mara 60 mara 0,7, jibu ni mililita 336. Ni zaidi ya desilita 3, pasipo mtu kuongeza kitu. Ndiyo maana kijiti kina sehemu mbili, ya baridi na ya moto. Ile ya baridi inasaidia tu kwa kujua kama mafuta yako pale kabla ya kuanza safari. Hukumu ya kweli inatolewa kwenye sehemu ya moto, mafuta yakiwa karibu digri 70 mpaka 80. Lakini moto nao uwe na kiasi. Motokari ikitoka safari ndefu ya mbio, ao ikivuta kitu kizito, inafaa ipumzike karibu nusu saa kabla ya kupima.

Na zile desilita 4 zilienda wapi? Zilienda katika filtri na katika tiyo zake. Fundi alirudisha kiasi kilichotoka, na kama hakungekuwa filtri, kingetosha. Lakini filtri ni chombo kitupu. Kabla haijachuja, inakunywa kwanza sehemu yake. Ndiyo sababu alitaka kurudi kupima. Kila mutu anayeongeza filtri ya inje, ao radiateri ndogo ya mafuta, anapashwa kupima upya na kuongeza.

Tunawakumbusha mambo mengine machache. Kisha kazi kama hii, angalia koliye motere ikizunguka, tena kisha safari ya kwanza, tena kisha juma moja. Tone jekundu chini ya motokari halinyamaziwi. Mafuta yakigeuka rangi ya waridi kama maziwa, maji ya radiateri yameingia ndani yake. Zima, usiende hata kilometa moja. Filtri ya inje nayo inabadilishwa, na ile ya zamani ikikatwa inasema habari za ndani ya bwati: unga kidogo ni desturi, vipande vinavyong'aa ni taabu. Tena musifikiri kama motokari zote ni sawa na yetu. Kwa Honda nyingi mafuta yanapimwa motere ikizimwa tu, mara moja kisha kupata moto. Na Toyota nyingi za miaka ya karibuni hazina kijiti kabisa. Zinapimwa kwa visi ya chini, mafuta yakiwa kwa digri zilizoandikwa na kampuni, na yale yanayozidi yanatoka yenyewe. Basi tafuteni kwanza sheria ya motokari ile, musichukue desturi ya kamyo mukaivalisha kila kitu.

Hapa tungeweza kumaliza. Lakini sisi makapita tuna neno moja tena, na tunaomba Bwana Prefe na walimu watuvumilie.

Mwaka huu, kwa sababu ya mtihani, enterna iliongezewa saa moja ya etidi usiku. Ni jambo jema, sisi wenyewe tuliliomba. Lakini esansi ya jenereta ilibaki ile ya zamani. Ikawa juma kisha juma, siku ya alhamisi taa zinazimika, na wale wa kalasi za chini wakasema finaliste wanakula mwanga wao. Ilifika karibu watu wapigane katika dortwari. Wengine walitaka saa ile iondolewe. Wengine walisema mlinzi anaiba esansi. Nani aliyepima? Kila mutu alikuwa anaangalia bidoni siku ya kwanza ya juma, ikiwa imejaa, jenereta inalala. Kisha kazi ya motokari, tulienda na karneti yetu, tukapima bidoni siku tano, usiku, jenereta ikizunguka. Hakuna aliyeiba. Saa moja zaidi ilikuwa inakunywa sehemu yake, kama filtri ilivyokunywa. Tulipeleka hesabu kwa Bwana Ekonomu, na sasa esansi imeongezwa kwa kiasi kile kile kinachopunguka, wala si zaidi. Mlinzi yule ni baba wa watoto. Jina lake lilikuwa karibu kuharibika kwa kipimo kilichochukuliwa saa mbaya.

Katika kitabu cha Mezali kuna maneno juu ya mizani ya uongo, na namna Mungu anavyoichukia. Tulizoea kufikiri kama maneno yale ni ya wachuuzi wa soko tu. Lakini mutu anaweza kuwa na mizani nzuri na kuitumia saa isiyofaa, kisha akaondoa lita moja mahali palipohitaji kuongezwa. Mwalimu anayemuhukumu mwanafunzi kwa siku moja, mwanafunzi anayemuhukumu mwalimu kwa neno moja alilosikia kwa mulango, wote wanavuta kijiti motere ikilala.

Basi tunawaarifu kama karatasi yenye vipimo vya Prado imefungwa kwenye ukuta wa garaji ya shule, kwa Kiswahili, na Papa Shofere mwenyewe ndiye alitusomea kama maneno yanasikilika. Amesema tuandike kwa herufi kubwa: MOTERE IZUNGUKE, MAFUTA YAPATE MOTO, MAHALI PALINGANE. Kila juma mosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, atapima pamoja na wanafunzi wawili, na watatia sahihi katika karneti. Sisi finaliste tunakaribia kwenda. Wale wa kalasi inayotufuata ambao wanataka kuchukua karneti ile, wavulana kwa wasichana, wa sehemu yoyote, waje kwa atelie kabla ya juma mosi. Kitambaa safi waje nacho.

Mungu awabariki, na awalinde wote wanaosafiri usiku.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho